Vidole viwili vilivyobaki: maisha ya Django Reinhardt, mpiga gitaa



 Kama kawaida, ukurasa huu ni wa maisha ya mtu. Mara hii tumechagua mtu ambaye wengi hapa kwetu hawajawahi kusikia jina lake, na tunataka kueleza kwanza kwa nini.

Katika mkutano wetu uliopita, tulipokuwa tunasoma orodha ya watakaoingia mafunzo ya useremala, mwanachama mmoja alisimama akaomba jina lake lifutwe. Ni baba wa watoto watano. Alirudi kutoka kambini Tanzania kama wengi wetu, na wakati wa kukimbia aliumia mkono. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havinyooki tena. Alisema kwa upole tu kwamba afadhali nafasi ile apewe mtu mwenye mikono mizima, kuliko chama kupoteza mbao na misumari juu yake. Watu walinyamaza. Sisi tunaoandika hapa pia tulinyamaza, kwa sababu hatukuwa na jibu. Jina halikufutwa, lakini halikuthibitishwa pia. Likabaki na alama ya kuuliza pembeni.

Ile jioni vijana wa kikundi cha muziki walibaki ndani ya salle wakijifunza gitaa, mmoja anapiga, wanne wanangoja zamu. Tukiwa tunawaangalia vidole, ndipo tulimkumbuka Django Reinhardt. Huyu alikuwa mpiga gitaa wa Ulaya, amekufa zamani, na mpaka leo wapiga gitaa wa dunia nzima wanajifunza kwake. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Basi tukasema, hayo ndiyo maisha ya kusimulia katika toleo hili.

Mtoto wa njiani

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 huko Liberchies, kijiji cha Ubelgiji, wakati msafara wa familia yake ulipokuwa umepumzika hapo. Kwenye karatasi aliitwa Jean Reinhardt. Nyumbani aliitwa Django, na wengi wanaeleza kwamba katika lugha ya kwao jina hilo linahusu kuamka.

Wazazi wake walikuwa Wamanouche, tawi la watu wanaoitwa Roma. Ni watu walioishi Ulaya kwa karne nyingi, lakini bila kijiji chao cha kudumu. Nyumba yao ilikuwa gari la kukokotwa na farasi, na kazi yao muziki, michezo ya jukwaani, vikapu, biashara ndogo ndogo. Kila walipofika, wenyeji waliwatazama kama wageni waliokuja kuiba kuku. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 1912 iliwalazimisha watu wa kuhamahama kubeba kitabu chenye vipimo vya mwili na alama za vidole, na kukipeleka kigongwe muhuri kila wanapofika mahali na kila wanapoondoka. Sisi tuliopanga mistari kambini na kadi mkononi hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Ilipoanza vita ya mwaka 1914, Django alikuwa na miaka minne. Familia ikatafuta mahali pa usalama, ikapita Italia, ikapita Corsica, ikafika mpaka Algeria. Baada ya vita walirudi Ufaransa, wakaegesha magari yao pembeni ya mji wa Paris, katika ukanda wa nje ya ngome za zamani ambako maskini walijenga vibanda. Kulikuwa na matope, mbwa, moshi wa kuni, na watoto wengi. Shule hakuisoma. Alikua bila kujua kusoma wala kuandika, na hata alipokuwa mtu mkubwa mwenye jina, kuandika kulimpa shida.

Alipofika karibu miaka 12, jirani mmoja alimpa banjo yenye nyuzi sita, yenye shingo kama ya gitaa. Hapo ndipo ugonjwa wake ulianza. Tunasema ugonjwa kwa sababu ndivyo watu wa nyumbani walivyomwona. Hakuwa na mwalimu wa kumketisha. Alikaa karibu na wakubwa waliokuwa wanapiga, akakaza macho kwenye vidole vyao, kisha akaenda pembeni kutafuta ile sauti mpaka aipate. Akikosa anarudia. Akipata anarudia tena, ili isimtoroke. Wanaosimulia maisha yake wanasema alipiga mpaka vidole vikatoka damu, ngozi ikapasuka, ikapona, ikapasuka tena, mwisho ikakomaa kama ngozi ya mkono wa mkulima.

Miezi kadhaa baadaye wakubwa wale wale aliokuwa anawatazama walianza kumtazama yeye. Alipokuwa na miaka kama 13 alikuwa anapiga katika kumbi za dansi za Paris, nyuma ya wapiga akodioni, usiku kucha, kwa pesa. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, aliingia studio kwa mara ya kwanza. Jina lake liliandikwa vibaya kwenye sahani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kuwaandikia. Lakini sauti ya banjo ilikuwa sahihi. Mwaka huo huo Jack Hylton, kiongozi wa okestra kubwa ya London, alikuja kumsikiliza na akampa kazi. Mtoto wa gari la farasi alikuwa anakwenda kupanda meli kwenda Uingereza.

Usiku wa moto

Safari ile haikufanyika. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1928 Django alirudi kutoka kazini akiwa amechoka. Mke wake alikuwa anatengeneza maua bandia ya kuuza, na gari lilikuwa limejaa maua hayo. Yalitengenezwa kwa seluloidi, aina ya plastiki ya zamani ambayo inashika moto haraka kama petroli. Mshumaa ukaanguka. Kwa muda mfupi sana nyumba yote ikawa moto.

Mke aliokoka. Django alijifunika blanketi, akalishika kwa mkono wa kushoto ili kukinga mwili, akapita katikati ya ndimi za moto mpaka nje. Blanketi lilimwokoa maisha, lakini mkono uliolishika uliungua vibaya. Mguu wa kulia pia uliungua, na ubavu.

Hospitali waganga walitaka kuukata mguu. Yeye alikataa, na ndugu zake hawakukubali akatwe. Mguu ukapona polepole, na baadaye alitembea tena. Mkono wa kushoto ndio ulikuwa tatizo kubwa. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilijikunja kuelekea kiganjani, mishipa yake ikakauka, na havikunyooka tena maisha yake yote. Waganga waliona kwamba kazi ya muziki imekwisha.

Wapendwa, tusimame hapa kidogo. Kuna wanachama wetu waliopoteza nyumba, ng'ombe, mashine ya kushona, shamba la mihogo ambalo leo lina mtu mwingine. Hizo ni hasara kubwa. Lakini kuna hasara ya namna ingine, ya mtu aliyepoteza kile kiungo ambacho ndicho kilikuwa kazi yake. Huyu hawezi hata kusema ataanza upya, kwa sababu chombo cha kuanzia ndicho kimeharibika.

Miezi kumi na minane

Django alikaa katika matibabu karibu miezi 18. Mdogo wake Joseph, ambaye pia alikuwa mpiga gitaa, alimletea gitaa kitandani. Banjo ina sauti kali, haifai kwa wagonjwa. Gitaa lina sauti ya chini. Hivyo moto ule ule ulimhamisha kutoka banjo kwenda gitaa.

Ili kuelewa alichofanya pale kitandani, lazima tueleze kazi ya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unapiga nyuzi. Mkono wa kushoto unazibana juu ya shingo ya gitaa, kati ya vile vyuma vidogo, na mahali unapobana ndipo panapoamua sauti. Gumba linakaa nyuma ya shingo kushikilia. Vidole vinne vinafanya kazi mbele. Mpiga solo anavitumia vyote vinne kupanda na kushuka bila kuhamisha mkono sana. Na mtu wa akompa anahitaji vidole vitatu au vinne kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja, ile ambayo wanamuziki wetu wanaita akodi.

Tulifanya jaribio na vijana wetu. Tulichukua kitambaa, tukafunga vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, kila mmoja akapewa gitaa kwa dakika kumi. Walicheka sana mwanzoni. Baada ya dakika mbili hakuna aliyecheka. Akodi walizozijua zote zilipotea. Kijana ambaye ndiye mzuri kuliko wote alipata sauti tatu tu, tena mbaya, akafungua kitambaa mwenyewe kwa hasira. Sisi wafanyakazi tulijaribu pia. Afadhali tusieleze matokeo.

Django hakuwa na kitambaa cha kufungua. Aliketi na hicho alicho nacho, akaanza kukitafutia njia. Kama vidole viwili haviwezi kusambaa kutoka uzi mmoja hadi mwingine, basi mkono mzima uhame. Badala ya kukaa mahali pamoja na kuvuka nyuzi, akajifunza kukimbia kwa urefu wa shingo, kutoka chini hadi juu, kwa kidole cha shahada na cha kati tu. Alizirudia hizo mbio mpaka zikawa nyepesi. Akodi kubwa hakuweza kuzishika, basi akatafuta ndogo, za sauti tatu, ambazo zinakaa mahali ambapo vidole vyake vinafika. Kisha akagundua kwamba vile vidole vilivyokunjamana, hata kama haviwezi kutembea, vinaweza kuwekwa juu ya nyuzi mbili nyembamba za mwisho na kukaa hapo kama jiwe la kushikilia mlango. Navyo akavipa kazi.

Hapa ndipo sisi tulijifunza kitu. Tulidhani hadithi yake ni ya mtu aliyerudishiwa mkono wake kwa kufanya mazoezi sana. Siyo hivyo. Mkono haukurudi. Kama angefanya mazoezi yale yale ya zamani, ya vidole vinne, angeyarudia hata miaka kumi bila kupata kitu. Alichofanya ni kuacha kuutafuta mkono wa zamani na kuanza kuusoma mkono mpya, kama mtoto anayeanza, siku kwa siku, kosa kwa kosa. Ukaidi wake ulikuwa ule ule wa miaka 12, lakini njia ilikuwa ingine kabisa.

Wazee wetu watakumbuka kwamba hata hapa Congo idadi ya vidole haijawahi kuwa kipimo cha muziki. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule Mwenda wa Bayeke ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada tu cha mkono wa kulia. Mtu akifunga macho anadhani ni magitaa mawili. Bosco alichagua kupiga hivyo, Django alilazimishwa na moto. Lakini wote wawili wanatuonyesha kwamba vidole vichache vilivyofundishwa vizuri vinashinda vingi visivyofundishwa.

Na kuna jambo lingine ambalo wasimulizi hupita haraka. Ile miezi 18 Django hakuwa analipa chakula wala dawa. Kuna mama yake, kuna ndugu na jamaa wa magari ya jirani, maskini kama yeye. Joseph alileta gitaa, wengine walileta supu. Mazoezi ni ya mtu mmoja, hakuna anayeweza kukufanyia. Lakini muda wa kufanya mazoezi, huo mara nyingi ni zawadi ya watu. Sisi tulio katika chama cha kusaidiana tusisahau hiyo sehemu ya hesabu.

Kupanda juu

Alipopona alirudi kupiga mitaani na kwenye mikahawa, yeye na Joseph, kofia chini kwa ajili ya senti. Mwaka 1931 walikuwa kusini mwa Ufaransa, kando ya bahari, na huko mchoraji mmoja, Émile Savitry, aliwachukua nyumbani kwake na kuwasikilizisha sahani za jazi kutoka Marekani. Alisikia Louis Armstrong, alisikia Duke Ellington. Wanasimulia kwamba Armstrong alimtoa machozi. Kumbe kulikuwa na watu wengine, wajukuu wa watumwa, walioweza kuchukua maumivu yao na kuyageuza kuwa muziki wa kuchezesha miguu. Kuanzia hapo alianza kuitafuta jazi kwa njia ile ile ya utotoni: kusikiliza, kukaza sikio, kurudia mpaka kieleweke. Noti za kuandikwa hakuzijua. Kila kitu kilikaa kichwani na vidoleni.

Mwaka 1934 alikuwa anapiga katika okestra ya hoteli moja ya Paris. Humo alikuwemo mpiga violini, Stéphane Grappelli, mtu mtulivu, msafi, wa kufika kwa wakati. Wakati wa mapumziko hao wawili walikuwa wanajificha nyuma ya pazia na kupiga kwa kujifurahisha. Joseph akaongezeka, akaongezeka mpiga gitaa wa tatu na mtu wa besi. Hivyo ikazaliwa Quintette du Hot Club de France: magitaa matatu, violini moja, besi moja, hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Wengi wakati ule waliona jazi bila ngoma ni kama fufu bila mboga. Lakini Desemba 1934 walirekodi sahani zao za kwanza, na miaka iliyofuata watu wa Ufaransa, Uingereza na kwingineko walipanga mstari kuwasikiliza. Kabla ya hapo, katika okestra nyingi gitaa lilikuwa la kuchapa mapigo nyuma. Django alilileta mbele likasema lenyewe. Leo mtu yeyote anayesimama na gitaa la solo mbele ya bendi, hata huko Kinshasa, anapita njia ambayo watu kama yeye waliifungua.

Vita tena

Septemba 1939 vita ilipotangazwa, Quintette ilikuwa katika ziara Uingereza. Django alirudi Paris haraka, Grappelli akabaki London. Hawakuonana mpaka vita ilipokwisha.

Kwa watu wa Roma miaka ile ilikuwa ya kifo. Mwaka 1940, hata kabla Wajerumani hawajaingia Paris, serikali ya Ufaransa ilikuwa imeshawakataza watu wa kuhamahama kutembea. Kisha wengi wakafungiwa katika kambi. Ulaya nzima Wanazi waliua mamia ya maelfu ya Waroma, na kwa muda mrefu baada ya vita mauaji hayo hayakuzungumzwa sana. Django aliishi katikati ya hatari hiyo, na jambo la ajabu ni kwamba gitaa lilimkinga. Watu wa Paris, wenye njaa na hofu, walitaka muziki. Hata maofisa wa Kijerumani, ambao serikali yao ilichukia jazi, walikuja kumsikiliza. Mwaka 1940 alirekodi Nuages, maana yake mawingu, muziki wa polepole ambao watu wa Paris waliupenda sana katika miaka ile ya kutawaliwa.

Lakini yeye hakujidanganya kwamba kinga hiyo ni ya kudumu. Mwaka 1943 alijaribu kuvuka mpaka kuingia Uswisi pamoja na mke wake wa pili. Wakakamatwa. Ofisa Mjerumani aliyemhoji alikuwa anapenda muziki wake, akamwachilia. Alijaribu tena. Safari hiyo walinzi wa Uswisi ndio waliomrudisha. Wale kati yetu waliofika mpakani usiku na kuambiwa warudi walikotoka wanajua jinsi miguu inavyokuwa mizito wakati wa kurudi. Alirudi Paris, akaendelea kupiga, akaokoka. Mwaka 1944 akazaliwa mwana wao Babik, ambaye naye alikuja kuwa mpiga gitaa.

Tusimfanye malaika

Tungekuwa tunawadanganya kama tungesema Django alikuwa mfano mzuri katika kila kitu. Pesa alizopata zilipita mikononi kama maji. Alicheza karata na biliadi mpaka mfuko ukauka. Kama angekuwa mwanachama wa kikundi chetu cha akiba, mweka hazina asingelala usingizi. Mara nyingine watu walijaa ukumbini, yeye yuko mtoni anavua samaki, au amesahau siku.

Mwishoni mwa mwaka 1946 alifika Marekani kwa ziara na Duke Ellington mwenyewe, yule aliyemsikia kwenye sahani miaka 15 nyuma. Alikwenda bila gitaa, akitegemea kwamba matajiri wa viwanda vya magitaa watampa. Hawakumpa kama alivyotegemea. Akapiga gitaa la umeme ambalo hakulizoea vizuri, na usiku mmoja New York, katika Carnegie Hall, alichelewa sana jukwaani. Watu walimpigia makofi, lakini ile Marekani aliyoiota hakuiona. Mapema mwaka 1947 alikuwa amesharudi Ufaransa, moyo umepoa.

Hapo pia tunaona kitu. Ukaidi ule uliomtoa kitandani haukumsaidia kutunza pesa, wala kutunza ahadi. Nidhamu ya vidole ni moja, nidhamu ya maisha ni ingine, na kila moja inafundishwa peke yake.

Miaka ya mwisho alihamia Samois-sur-Seine, kijiji kidogo kando ya mto, akavua samaki, akachora picha, na kila mara akarudi kwenye gitaa kujifunza jazi mpya ya vijana. Mtu wa miaka 40, mwenye jina dunia nzima, alikuwa bado anajifunza. Tarehe 16 Mei 1953 alianguka ghafla kwa sababu ya damu kuvuja katika ubongo, akafa siku hiyo. Alikuwa na miaka 43. Amezikwa Samois, na mpaka leo wapiga gitaa wanakwenda huko kumkumbuka. Wamanouche wa leo wanawafundisha watoto wao muziki wake, na wengine wana vidole vyote vizima lakini wanapiga mbio zile zile zilizozaliwa kwa sababu ya vidole viwili.

Turudi kwetu

Wengi wetu tuliporudi kutoka Tanzania tulibeba picha moja kichwani: nyumba ile ile, shamba lile lile, jirani yule yule. Tukateremka kwenye boti, tukakuta nyasi. Miaka ya kwanza wengi walipoteza nguvu kwa kutafuta maisha ya zamani yawe kama yalivyokuwa. Waliosimama haraka ni wale waliohesabu kilichobaki, hata kama ni kidogo, wakakifanyia kazi bila kuchoka. Mama mmoja alirudi na sufuria mbili tu. Leo ana mgahawa sokoni, na sufuria zile bado anazitumia.

Sasa, yule mwanachama wa orodha ya useremala. Tulimtembelea nyumbani, tukamsimulia haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza tu kama huyo mzungu alikuwa anashika gitaa kwa mkono mbovu au kwa mkono mzima. Tukamwambia, kwa mkono mbovu. Akautazama wake muda mrefu.

Jumanne iliyopita alikuja atelie bila kuitwa. Fundi wetu alimpa randa na kipande cha mbao ambacho hakina kazi. Alijaribu kushika kama zamani, randa ikateleza. Akashika namna ingine, kwa kiganja badala ya vidole, na bega likiwa chini. Ubao ulitoka umepinda, tusiseme uongo. Aliomba abaki na kile kipande, akaenda nacho nyumbani. Fundi anasema kwamba Alhamisi alirudi, akaomba kingine.

Ile alama ya kuuliza tumeifuta katika orodha. Jina limebaki.

Tangazo dogo la mwisho. Kikundi cha muziki kinakutana kila Jumatano na Jumamosi baada ya saa tisa, na kiko wazi kwa vijana wote wa wanachama, wasichana kwa wavulana. Tuko na gitaa moja, na uzi wake wa kwanza umekatika mara mbili mwezi huu kwa sababu halipumziki. Mfadhili anayetaka kutusaidia, nyuzi ni kitu chepesi kutuma. Mwanachama ambaye ana gitaa bovu nyumbani, lisilo na nyuzi au lililopasuka, asilitupe. Alilete, tulitazame pamoja.